Hotuba juu ya Usafi wa Machinjioni na Maradhi ya Tumbo Yaletwayo na Nyama



Sisi si waganga wala wachinjaji. Kazi yetu ni ya kalamu. Walakini karani akaaye mezani siku nyingi huona mambo ambayo mwenye kazi nyingine hana nafasi ya kuyaona, nasi twataka kuanza na jambo moja tuliloliona katika vitabu tulivyoviandika kwa mkono wetu wenyewe.

Mahali fulani tulipokuwa tukifanya kazi tulitunza vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa kitabu cha machinjio: ng'ombe wangapi, mbuzi wangapi, mwenye mali ni nani, nyama imetazamwa au haikutazamwa. Cha pili kilikuwa kitabu cha vifo. Vitabu hivi vilikaa katika rafu moja, wala hatukuwaza hata siku moja kuvifungua pamoja. Ikawa baada ya sikukuu moja tulitafuta jina katika kitabu cha vifo, na kile cha pili kilikuwa wazi mezani. Katika kitabu cha machinjio tulikuwa tumeandika: "Ng'ombe watatu, wazima, nyama safi." Katika kitabu cha vifo, siku nane baadaye, tulikuwa tumeandika majina ya watoto wawili wa mtaa mmoja, waliokufa kwa kuhara damu.

Hatuna haki ya kusema kwamba nyama ile ndiyo iliyowaua, maana hakuna aliyeipima. Lakini neno lile "safi" lilitukaa moyoni. Tulijiuliza: sisi tulijuaje kuwa nyama ile ni safi? Na yule aliyetuambia, yeye alijuaje? Hilo ndilo swali la hotuba yetu ya leo, nasi twataraji kwamba mkilisikia jibu lake hamtaitazama tena nyama kwa macho yale yale.

Mwaka 1888, katika mji wa Frankenhausen huko Ujerumani, ng'ombe mmoja aliyekuwa akiharisha alichinjwa upesi kabla hajafa, kama wengi wafanyavyo mpaka leo ili mali isipotee bure. Nyama yake ikauzwa. Watu zaidi ya 50 wakaugua matumbo, na mmoja wao, aliyekula nyama ile mbichi tena kwa wingi, akafa. Mtaalamu mmoja, jina lake August Gärtner, akaichunguza nyama iliyosalia, akachunguza na mwili wa marehemu, akakuta katika vyote viwili vijidudu vya namna moja visivyoonekana ila kwa darubini. Vijidudu hivyo leo huitwa Salmonela, kwa jina la Daniel Salmon, mganga wa mifugo wa Marekani. Tangu siku zile ikathibitika kwamba mnyama aweza kuyabeba maradhi ndani ya tumbo lake, na mtu akayapokea mezani.

Mtu aweza kusema, "Basi jambo ni jepesi, tusichinje mnyama mgonjwa." Hilo ni kweli, wala hatulibatilishi. Lakini kama hatari ingekuwa kwa wanyama wagonjwa peke yao, tusingewaita hapa leo. Shida yenyewe ni kwamba ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku waweza kuwa na vijidudu hivi tumboni nao ni wazima kabisa, wananenepa, na manyoya yao yang'aa. Yuko mdudu mwingine aitwaye E. koli wa namna ya O157. Yeye hukaa katika matumbo ya ng'ombe bila kumwudhi ng'ombe hata kidogo. Lakini akiingia katika tumbo la mtoto wa binadamu huleta kuhara damu, na mara nyingine huharibu mafigo hata mtoto asiweze kukojoa. Tena hahitaji kuingia kwa wingi: wadudu wasiofika hata mia wametosha kumwangusha mtu.

Sasa natufuate safari ya uchafu huu, tuone wafikaje katika nyama. Nyama ya mnyama mzima, ndani ya mwili wake, kabla haijaguswa na kisu, ni safi. Vijidudu viko mahali pawili: ndani ya matumbo, na juu ya ngozi, manyoya na kwato, kwa sababu mnyama hulala katika kinyesi chake na cha wenzake. Basi nyama iko katikati, kama mtu aliyesimama baina ya maadui wawili, na kati yake na kila adui ipo kuta moja nyembamba. Kazi yote ya mchinjaji ni kuziondoa kuta hizo mbili bila kumruhusu adui apite.

Tazameni jinsi apitavyo. Mchinjaji apasua ngozi kutoka nje kuingia ndani, na kisu chake chachukua uchafu wa manyoya na kuupaka katika nyama. Mkono wake washika ngozi, kisha wageuka na kushika paja. Ngozi iliyochunwa nusu yajikunja na kuilalia nyama. Kisha apasua tumbo kwa haraka, ncha ya kisu yatoboa utumbo, na kinyesi chamwagika. Hapo ndipo lionekanapo jambo tulionalo mahali pengi: huletwa tambara, nyama ikafutwa, ikaonekana nyekundu tena na kumeremeta. Tambara hilo hilo hufuta ng'ombe wa pili, na wa tatu. Hufikiri amesafisha, kumbe amepaka. Kilichokuwa mahali padogo sasa kimeenezwa nyama nzima. Na kilichokuwa cha ng'ombe mmoja sasa ni cha wote watatu. Wahenga walisema, nazi mbovu harabu ya nzima.

Na yule atazamaye nyama, je? Hatumlaumu, kwani kazi yake ni ya haki na imewaokoa watu wengi. Jicho lake lililofundishwa hutambua kifua kikuu katika mapafu, hutambua minyoo katika ini, hutambua yale mapunje ya tegu yaliyojificha ndani ya nyama. Lakini Salmonela haionekani kwa jicho. Haibadilishi rangi ya nyama, haina harufu, haina ladha. Tena nyama iliyooza na yenye kunuka humwonya mtu mwenyewe asiile. Bali nyama hii haimwonyi mtu yeyote. Mpaka kisu cha mtazamaji chenyewe chaweza kuwa mjumbe wa uchafu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwezi wa Juni mwaka 2014, watazamaji wa nyama ya nguruwe waliambiwa waitazame kwa macho tu kwa desturi, wasiipapase wala kuikatakata pasipo sababu, kwa kuwa mikono na visu vilikuwa vikihamisha vijidudu kutoka nyama hii mpaka ile. Basi muhuri juu ya nyama wasema kwamba maradhi yaonekanayo hayakuonekana. Hausemi zaidi ya hapo.

Vijidudu vichache, mtasema, vitafanya nini? Jibu lake ni hesabu, nasi twawaomba waalimu waichukue hesabu hii mpaka shuleni. Katika joto livipendezalo, kijidudu kimoja chaweza kugawanyika kikawa viwili kwa muda wa dakika 20. Kwa saa moja vitakuwa 8. Kwa saa mbili vitakuwa 64. Kwa saa nne vitakuwa 4,096. Na kwa saa saba vitapita 2,000,000. Mnyama huchinjwa saa kumi na moja alfajiri, na nyama yake huuzwa saa sita mchana, imetundikwa juani au imelazwa juu ya gogo lililolowa damu ya jana, na nzi wametoka chooni kuja kuitembelea. Hesabuni wenyewe saa ni ngapi.

Yaliyotokea Uswidi mwaka 1953 ni ushuhuda mkubwa wa neno hili. Katika mji mdogo wa Alvesta kulikuwa na machinjio yaliyopeleka nyama mbali. Wakati wa joto, katika mwezi wa Juni, nyama yenye Salmonela ilitoka pale ikaenea nchini. Watu wapatao 9,000 waliugua, na wapatao 90 wakafa. Angalieni, ndugu zetu, nchi ile haikuwa nchi ya washenzi wala ya maskini wasio na hospitali. Ilikuwa na waganga, na barafu, na sheria. Baada ya msiba ule Waswidi wakajifunga kwa kazi ya kuiwinda Salmonela tangu zizini mpaka mezani, katika chakula cha mifugo, katika mazizi na katika machinjio, na kazi hiyo ikawapa sifa ya kuwa miongoni mwa nchi zenye Salmonela kidogo kabisa katika mifugo yao. Kumbe jambo hili lashindika, watu wakitaka.

Huko Marekani mwaka 1993 watu zaidi ya 700 waliugua, na watoto wanne wakafa, kwa kula nyama ya kusaga iliyopikwa kidogo, nayo ilikuwa na ule mdudu O157. Nyama ya kusaga yataka hadhari kubwa kuliko pande zima. Uchafu wa pande la nyama huwa juu yake, na moto huufikia kwanza. Bali nyama ikisagwa, kilichokuwa nje huingia ndani, na tena nyama ya ng'ombe wengi huchanganywa pamoja. Basi mpishi wa kababu asiridhike kwa kuona nje imekuwa nyeusi, na ndani bado nyekundu.

Na huko Scotland, katika mji wa Wishaw, mwezi wa Novemba mwaka 1996, watu wapatao 500 waliugua kwa mdudu huyo huyo, na zaidi ya 15 wakafa, wengi wao wazee. Baadhi ya wazee hao walikuwa wamealikwa chakula cha mchana katika ukumbi wa kanisa, wakaandaliwa nyama iliyotoka kwa mwuza nyama wa mji. Profesa Hugh Pennington akapewa kazi ya kuuliza habari hizo, na maonyo yake yalikuwa mepesi kueleweka: nyama mbichi na nyama iliyopikwa zisikutane mahali pamoja, wala kwa kisu, wala kwa ubao, wala kwa mizani, wala kwa mkono, na tena mnyama aliyepakwa kinyesi mwilini asipelekwe kuchinjwa mpaka awe safi. Fikirini uchungu wa mji ule. Karamu iliyoandaliwa kwa upendo, ili kuwaheshimu wazee, ndiyo iliyowazika. Nasi hapa kwetu twaandaa karamu nyingi za harusi, za matanga, za sikukuu.

Msidhani twasema habari za ng'ambo tu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu yake, likasema kwamba chakula kisicho salama huwagonjesha watu wapatao milioni 600 kila mwaka ulimwenguni, na kuwaua 420,000, na katika hao 125,000 ni watoto wasiotimiza miaka mitano. Bara lililobeba mzigo mzito kuliko yote, kwa kadiri ya watu wake, ni Afrika. Tena kwetu Salmonela ina tabia mbaya zaidi: haiishii tumboni, bali huingia katika damu ya watoto wadogo, hasa wale waliodhoofishwa na malaria, upungufu wa damu au utapiamlo. Mama hudhani ni homa ya kawaida, na siku zapita. Si nyama peke yake iletayo maradhi haya; maji, vyoo na mikono navyo vina sehemu yao kubwa. Lakini machinjio ni mlango mmoja tunaouona, na mlango tuuonao twaweza kuufunga.

Wako watakaosema, "Babu zetu walikula nyama hizi wala hawakufa." Twajibu kwa heshima: babu zetu walichinja mnyama mmoja, wakaila nyama siku ile ile, tena iliyochemshwa sana chunguni. Leo ng'ombe mmoja hulisha nyumba mia, nyama husafiri juu ya baiskeli na magari, hulala usiku kucha, husagwa, huchomwa nusu. Tena babu zetu walizika watoto wengi, nao walisema ni jicho baya. Hawakuwa na darubini. Sisi hatuna udhuru huo.

Basi tufanye nini? Haya tuyasemayo hayahitaji mitambo, yahitaji nia.

Kwanza, kabla ya kuchinja. Mnyama awekwe mahali pakavu tangu jana yake, apewe maji lakini asipewe majani, ili tumbo lipungue na lisipasuke kwa urahisi. Aliyepakwa kinyesi asafishwe na kukaushwa. Anayeharisha asichinjwe kwa kuliwa, hata kama mwenyewe analia kwa hasara. Aitwe mganga wa mifugo.

Pili, wakati wa kuchinja. Mchinjaji hulitaja jina la Mwenyezi Mungu kabla ya kukata. Kazi iliyoanzwa kwa jina hilo haifai kumalizwa kwa uchafu. Awe na visu viwili: kimoja kikitumika, kingine kiwe ndani ya maji yenye moto mkali. Katika machinjio makubwa maji hayo hutakiwa yawe na joto la nyuzi 82. Hapa kwetu sufuria juu ya mafiga, maji yakikaribia kutokota, yatosha. Ngozi ikiisha kupasuliwa mahali pa kuanzia, kisu kikate kutoka ndani kwenda nje, na mkono ulioshika manyoya usishike nyama kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Mnyama atundikwe juu, asichunwe chini mavumbini. Kabla ya kutoa matumbo, umio na njia ya nyuma zifungwe kwa uzi imara, ili kilichomo kisimwagike. Na kikimwagika, mahali palipochafuka pakatwe na kutupwa. Pasifutwe. Tambara lichomwe moto, lisionekane tena machinjioni.

Tatu, matumbo yasafishwe mahali pa peke yake, na mtu wa peke yake, mbali na nyama. Maji ya kuoshea yawe maji ambayo mtu angeweza kuyanywa. Maji ya mto yaliyo chini ya kijiji huongeza uchafu kuliko kuuondoa. Na mchinjaji mwenye kuharisha akae nyumbani mpaka apone. Wenzake wasimcheke, wala asinyimwe haki yake.

Nne, nyama ifunikwe isiguswe na nzi, iwekwe kivulini penye upepo, iuzwe mapema. Aliye na barafu aitumie, lakini asidhani kwamba baridi huua. Baridi hulaza tu, na joto likirudi vijidudu huamka.

Tano, nyumbani. Hapa ndipo ngome ya mwisho, nayo imo mikononi mwa mama zetu na dada zetu. Moto wa kutosha huua vijidudu hivi vyote tulivyovitaja: nyama ifikiapo joto la nyuzi 70 mpaka ndani kabisa, ni salama. Asiye na kipimo atazame: wekundu usionekane ndani, na maji yatokayo yawe meupe. Ubao uliokatiwa nyama mbichi usikatiwe kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Kiporo kisilale kikiwa vuguvugu, na kabla ya kuliwa kichemshwe tena.

Wakubwa wa miji, twawaomba ninyi jambo moja. Machinjio mengi hayana maji, hayana paa, hayana sakafu ya saruji, na mchinjaji hulaumiwa kwa uchafu ambao hakupewa njia ya kuuepuka. Pesa zichukuliwazo kwa kila mnyama achinjwaye, sehemu yake na irudi pale pale, iwe maji, kuni, kulabu na sabuni. Waalimu, wapelekeni vijana wakaione kazi ya machinjioni, kisha waifanye ile hesabu ya dakika 20. Mtoto aliyeifanya hesabu ile kwa mkono wake hatamwacha mama yake aiache nyama juani.

Kwa upande wetu, tulimwendea mkubwa wetu tukamweleza habari ya vitabu vile viwili, tukaomba safu nyingine katika kitabu cha machinjio. Neno "safi" tuliliacha. Mahali pake tuliandika tuliyoyaona: maji yalichemka, ndiyo au siyo, matumbo yalifungwa, ndiyo au siyo, nyama ilitundikwa, ndiyo au siyo. Wiki za kwanza "siyo" zilikuwa nyingi, na wachinjaji walitukasirikia. Baadaye walianza kuyachemsha maji kabla hatujafika, ili tusipate la kuandika. Hatukuona ubaya wowote katika hila hiyo.

Haya ndiyo machache tuliyokuwa nayo. Majina ya watoto wale wawili yangali katika kitabu, kwa mwandiko wetu. Hatuwezi kuyafuta, lakini kurasa zinazofuata bado ni nyeupe, nasi sote hapa tumeshika kalamu yake.